Kanisa na Utafiti wa Jinsia: Tunaogopa Nini?

Lipo neno moja ambalo likitajwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa huku kwetu Ilomba, viti huanza kulia. Sema ukimwi, watu watakusikiliza. Sema deni la ujenzi, watainamisha vichwa lakini watakusikiliza. Sema jinsia, na papo hapo mmoja ataangalia saa, mwingine atakumbuka kwamba ajenda bado ni nyingi, na mzee wa kiti cha nyuma atauliza kwa upole kama hayo si mambo ya wazungu.

Sisi tunaohudumu katika sharika za upande huu wa jiji tumelisikia swali hilo mara nyingi mno kulinyamazia. Na yapo mambo mabaya zaidi ya swali. Katika usharika mmoja, ambao hatutautaja, binti aliyepata kipaimara pale pale na sasa anasoma shahada ya uzamili alileta barua ya chuo chake. Aliomba azungumze na wajane kuhusu nyumba na viwanja walivyoachiwa, au walivyonyang'anywa, baada ya msiba. Hakuomba fedha. Aliomba chumba cha shule ya Jumapili kwa siku za Alhamisi nne, na tangazo moja baada ya ibada. Alijibiwa kwamba kanisa halichanganyi Injili na uanaharakati. Wiki hiyo hiyo chumba kile kilitolewa kwa kamati ya harusi.

Tunasema waziwazi kwamba jibu lile halikuwa la kiroho hata kidogo, ingawa lilivikwa kanzu. Kanisa linapaswa kuunga mkono utafiti wa jinsia unaofanywa katika vyuo vikuu vyetu, pamoja na ule ambao wenyewe huuita wa kifeministi, yaani unaoanza na maisha ya mwanamke na kuuliza nani anafaidika na mpango uliopo. Kuunga mkono maana yake ni mlango, barua, chumba, na fedha pia.

Tuanze na hilo la wazungu, kwa kuwa ndilo linalopigiwa makofi.

Nenda Utengule, Usafwa, safari isiyomaliza asubuhi ukitokea hapa kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikaa pale mama mmoja wa misheni ya Moravian, Elise Kootz-Kretschmer. Ni kweli, alikuwa Mjerumani. Lakini waliosema hawakuwa Wajerumani. Walikuwa wanawake wa nchi hizi, akina Narwimba na Chisi, waliosimulia walivyotekwa, walivyotolewa na kupokelewa kama mali, walivyohama kutoka mkono wa mwanaume mmoja hadi wa mwingine wakitafuta mahali pa kuwalaza watoto wao kwa amani, hadi walipofika kwenye uzio wa misheni. Mama yule aliandika. Miaka mingi baadaye mwanahistoria Marcia Wright aliyachukua masimulizi hayo na kuyatumia katika kitabu alichokitoa mwaka 1993 kuhusu wanawake na utumwa katika Afrika ya Mashariki na Kati. Leo wanafunzi wa historia ng'ambo ya bahari wanamfahamu Narwimba. Waulize vijana wa kipaimara wa Mbeya kama wamewahi kumsikia.

Vuka sasa mlima uende Rungwe. Profesa Marjorie Mbilinyi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua kumbukumbu za wakati wa mkoloni na mwaka 1988 akachapisha utafiti kuhusu wake waliokimbia ndoa zao wilayani humo kati ya 1919 na 1961. Alionyesha jinsi utawala wa Mwingereza na mabaraza ya machifu walivyopatana kuwabana wanawake hao, kwa sababu mke aliyekimbia alivuruga hesabu za watu wengi: ng'ombe wa mahari, mashamba, na utulivu wa wanaume waliokuwa wakihesabiwa kwa kodi na kazi. Profesa huyo huyo alikaa na mama mmoja wa Rungwe, Rebeka Kalindile, akaandika naye simulizi la maisha yake. Likatokea katika kitabu cha mwaka 1991 kuhusu wanawake mashujaa wasioimbwa, kilichohaririwa na Magdalena Ngaiza na Bertha Koda chini ya mradi wa utafiti na kumbukumbu za wanawake pale Dar es Salaam, ule unaojulikana kwa herufi WRDP.

Wake wa Rungwe waliokimbia miaka ya 1920 hawakuwa wamesoma kitabu chochote cha ufeministi. Walikimbia kwa miguu yao wenyewe. Mtafiti alifika baada yao, akakuta nyayo.

Sasa tuje karibu zaidi, mahali ambapo hata mzee wa kiti cha nyuma anahusika. Kati ya mwaka 2000 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti mkubwa katika nchi kumi kuhusu afya ya wanawake na ukatili wa majumbani. Kwa Tanzania yalichaguliwa maeneo mawili, Dar es Salaam na Mbeya. Kazi ilifanywa na Watanzania, watu wa Muhimbili pamoja na hao hao wa WRDP. Mbeya walihojiwa wanawake 1,450 wenye umri wa miaka 15 hadi 49.

Tunaomba msomaji atazame jinsi walivyouliza, kwa kuwa ndani yake kuna uchungaji. Kila nyumba alihojiwa mwanamke mmoja tu, ili asijulikane na mwenzake kwamba kasema nini. Aliyeuliza alikuwa mwanamke. Mtaani utafiti ulitambulishwa kama wa afya na maisha ya wanawake, ili mume asije akarudi jioni na maswali yake. Waulizaji walifundishwa kwamba mtu akiingia, mazungumzo yageuzwe. Na mwisho kabisa, juu ya jambo lililo gumu kuliko yote, kama aliwahi kuguswa vibaya kabla hajafikisha miaka 15, mwanamke hakulazimishwa kufungua kinywa: alipewa kadi yenye sura mbili, moja inacheka na nyingine inalia, aweke alama na kuifunga mwenyewe. Katika nchi nyingi waliofichua kwa kadi walikuwa wengi kuliko waliosema kwa mdomo. Tuliosomea chuo cha teolojia tulifundishwa kusikiliza ungamo. Tunakiri kwamba hatukufundishwa kusikiliza kwa uangalifu wa namna hiyo.

Majibu yalitolewa mwaka 2005. Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, Dar es Salaam asilimia 41 walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa kimwili na mwenzi wao. Mbeya walikuwa asilimia 56. Na asilimia 29 ya wanawake wa Mbeya walisema jambo hilo limewapata ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita, yaani kati ya Pasaka moja na nyingine.

Asilimia 56. Wakati ule, ungeweka benchi moja la wanawake walioolewa wa mkoa huu mbele ya madhabahu, zaidi ya nusu yao wangekuwa wanajua uzito wa mkono wa mtu anayeketi upande wa pili wa kanisa. Walikuwa wakiimba. Walikuwa wakitoa sadaka. Walikuwa wakipika kwenye semina za dayosisi. Na sisi tulihubiri juu ya amani ya nyumba Jumapili baada ya Jumapili, tukidhani kimya chao ni amani.

Wapo watakaosema namba hizo ni za zamani. Sawa, basi na tupate mpya. Hatuwezi kuzipata kwa kumfungia mlango anayekuja kuhesabu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulikuta wanawake wanne katika kila kumi wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15, kwa hiyo asiseme mtu kwamba jambo lilikwisha lenyewe. Mficha maradhi, wahenga walishamaliza.

Kwa Mlutheri kukataa kuchunguzwa ni ajabu ya pekee. Katekisimu Ndogo tunayowakaririsha watoto wetu imetoka wapi? Mwishoni mwa miaka ya 1520 sharika za Saxony zilikaguliwa kijiji kwa kijiji, wakaulizwa wachungaji na waumini wanajua nini na wanaishi namna gani. Luther mwenyewe alishiriki, akarudi akiwa amefadhaika kwa aliyoyaona, na mwaka 1529 akaandika Katekisimu. Kitabu hicho ni matunda ya watu kwenda usharika kwa usharika na kuuliza maswali yasiyopendeza. Mwaka 1524 alikuwa ameshawaandikia viongozi wa miji ya Ujerumani kwamba waanzishe shule, na za wasichana zimo. Leo mjukuu wake wa kiroho anamwambia binti wa shahada ya uzamili kwamba maswali si kazi ya kanisa!

Na Luka je? Anaanza Injili yake kwa kumweleza Theofilo kwamba amefuatilia mambo yote tangu mwanzo kwa uangalifu, kutoka kwa walioyaona. Ndiye anayetupa Elisabeti, Ana binti Fanueli, mjane wa Naini, na yule mjane aliyemchosha kadhi. Ndiye anayetuambia pia kwamba wanawake waliporudi kutoka kaburini mitume waliona maneno yao ni upuuzi. Habari kuu ya imani yetu ililetwa na wanawake, na wanaume wa kanisa wakaihesabu kuwa porojo. Luka hakulificha, aliliweka kwenye taarifa.

Tunajua kinachowatisha wengine. Neno jinsia limebebeshwa mizigo. Kuna ndugu wakilisikia wanasikia mjadala wa ndoa za jinsia moja, na hapo hawasikii tena chochote. Tunawasihi wasome hojaji kabla ya kuikemea. Mjane anaulizwa nani alichukua funguo za nyumba siku ya arobaini. Mama muuza viazi pale Mama John anaulizwa fedha ya mauzo hukaa mfukoni mwa nani. Hayo ndiyo yanayoulizwa, na mtu asitumie hofu ya jambo moja kufunika jambo jingine.

Wengine husema utafiti wa namna hii unavunja ndoa. Hojaji haijawahi kumtoa mtu jino. Ndoa tulizoziona zikivunjika zilivunjwa na ngumi, na pombe, na nyumba ndogo, na wazazi waliomrudisha binti kwa mumewe mara tatu huku wakisema avumilie kwa ajili ya ng'ombe waliokwisha kuliwa. Katika mengi ya hayo kanisa liliitwa kusuluhisha, likasuluhisha kwa upande wa mwenye nyumba.

Tuseme na la mirathi, kwa sababu ndilo alilotaka kulichunguza yule binti, na ndilo linalouma zaidi hapa ambapo kiwanja cha kando ya barabara ya Zambia kimekuwa dhahabu. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba zinamweka binti daraja la tatu katika urithi, nyuma ya kaka zake, na mjane mwenye watoto hazimpi fungu lake. Zinamwelekeza atunzwe na watoto. Sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inatambua mchango wa mke katika mali, na sheria za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Sheria ziko mbili, msiba ni mmoja. Siku ya kikao cha ukoo ni ipi inayofuatwa Ilomba? Ipi inafuatwa Uyole, Mbalizi, Tukuyu? Sisi wachungaji tunafungua vikao hivyo kwa sala, tunakula ndizi na nyama, tunaondoka kabla hawajafika kwenye hati. Hatujui, na hakuna anayejua kwa hakika hadi mtu aende akaulize mmoja mmoja na kuandika. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakadai urithi wa baba yao, na Musa hakuwajibu kwa desturi. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana. Bwana akasema wana haki.

Vyuo vyenyewe navyo havijatakata, na tusiwape wasomi utakatifu wasio nao. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 ina kifungu mahsusi juu ya rushwa ya ngono, na TAKUKURU ililazimika kwenda kuichunguza rushwa hiyo katika vyuo vikuu vyetu vikubwa. Sisi wazazi tunauza mpunga na ng'ombe ili binti afike huko. Chuo kisicho na mtu wa kuuliza maswali haya kwa kalamu na kwa kanuni kitabaki na minong'ono ya mabwenini tu. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutaka masomo haya yawepo na yawe na nguvu, katika chuo cha serikali na katika Chuo Kikuu cha Iringa na Makumira, ambavyo ni vya kanisa letu na sadaka zetu zimo ndani ya kuta zake.

Lakini tuna neno na watafiti pia. Wamekuja, wamekaa, wamekunywa chai ya akina mama, wameondoka na madaftari yaliyojaa, na mara nyingi hawakurudi. Yale ya Rungwe yaliandikwa kwa Kiingereza. Ripoti yenye asilimia 56 ilitolewa kwa Kiingereza. Rebeka Kalindile anasomwa na watu ambao hawangeweza kumsalimia. Mama wa Mbeya ametoa siri ambayo hakumpa mchungaji wake, na kilichotokana na siri hiyo kinakaa kwenye kabati lenye lugha asiyoijua. Hiyo nayo ni aina ya kumchukulia mtu chake. Kanisa likichangia fedha litakuwa na haki ya kudai, na tunaona hilo ndilo pungufu kubwa la kukaa kwetu pembeni: hatuna sauti juu ya kazi tusiyoitegemeza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, KKKT ilipofungua njia ya kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, ulisikika wimbo huu huu: ya kigeni, yatavunja, si wakati wake. Dayosisi nyingine zilichelewa kuliko nyingine, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tusijifanye tulikuwa mbele ya msafara. Leo mchungaji mama anainua kikombe na wale wale waliopinga wanapiga magoti.

Kwa hiyo tunayoyaomba ni haya. Sharika za upande wetu zitenge fungu kila mwaka, hata kama ni dogo, la kumsaidia mwanafunzi mmoja wa kike au wa kiume anayefanya utafiti wa jinsia katika mkoa wa Mbeya au Iringa: nauli, karatasi, posho ya kumlipa mama wa mtaa anayemwongoza. Kama hazina itasema haina kitu, tuanze na bei ya sare moja ya kwaya. Barua ya mtafiti mwenye kibali cha chuo ijibiwe na baraza zima, wakiwamo wazee wa kike, isiishie mfukoni mwa mtu mmoja. Kanisa lenyewe lichunguzwe: nani anajaza mabenchi, nani anatoa mazao ya mnada, na nani anaketi pale bajeti inapopitishwa. Tuna hisia kwamba jibu halitatupendeza. Chumba cha Alhamisi kiwe wazi, na mlango wake uwe na komeo la ndani.

Na atakayepewa msaada huo asaini jambo moja kabla ya kupokea shilingi ya kwanza: matokeo atayaleta hapa, kwa Kiswahili, yasomwe Jumapili wanawake na wanaume wakiwa wameketi, kabla ya matangazo ya harusi.